Winchi inagonga "ta!" halafu kimya: kabla hujanunua mota, soma hapa

Leo tunaongelea winchi ya umeme, ile mashine inayofungwa mbele ya gari, inazungusha kamba ya chuma na kulitoa gari kwenye tope.

Lami imefika Isongole, sawa. Ila ukianza kupanda milima ya Ileje kuja huku kwetu, masika ikichanganya, bado kuna sehemu hata Land Cruiser inalala. Kama ndani kuna mgonjwa anawahi hospitali, winchi sio urembo tena. Na ikigoma, mafundi wengi wanakimbilia kusema "mota imekufa". Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Kilichokufa ni solenoidi.

Solenoidi ni kitu gani?

Kumbuka Fizikia ya sekondari: ukizungusha waya mwingi na kupitisha umeme, unapata sumaku. Solenoidi ndo hiyo. Ukibonyeza kitufe cha rimoti, umeme mdogo unaingia kwenye koili, sumaku inavuta kipande cha chuma, na kile chuma kinasukuma kisahani cha shaba kugusa boliti mbili nene. Umeme mkubwa wa betri unapita hapo kwenda kwenye mota. Ule mlio wa "ta!" ndo kisahani kinagonga.

Kwa nini isitumike swichi ya kawaida? Taa mbili kubwa za mbele za gari kwa pamoja zinakula kama ampea 10. Mota ya winchi ya volti 12 ikibeba mzigo mzito inaweza kula ampea 400 au zaidi. Swichi ya kawaida itayeyuka mkononi mwako.

Winchi za zamani zina solenoidi nne. Mfano ni Warn 8274 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa 1974, yenye uwezo wa kuvuta pauni 8,000, yaani kama kilo 3,600. Solenoidi mbili zinafanya kazi ukivuta kamba ndani, mbili ukiitoa nje. Hilo litatusaidia sasa hivi.

Sikiliza kwanza

Bonyeza rimoti, tega sikio:

1. Kimya kabisa: koili haipati umeme. Angalia rimoti, plagi yake, nyaya ndogo, na waya hasi unaorudi betri.
2. "Ta-ta-ta-ta" ya haraka: betri imechoka au kichwa cha betri kimelegea. Solenoidi unaionea bure.
3. "Ta!" moja halafu hakuna kitu: koili iko poa, ila huenda kisahani na boliti zimeungua. Au umeme haufiki kwenye mota vizuri.
4. Inavuta ndani lakini haitoi nje (au kinyume chake): mota inazunguka, kwa hiyo usiiguse. Kagua rimoti na zile solenoidi mbili za upande uliogoma.
5. Umeachia kitufe na winchi inaendelea kuvuta: hii ndo hatari kuliko zote. Shaba imeyeyuka ikaungana. Hapo kitufe hakina kazi tena, kamba inaendelea kuingia mpaka kitu kikatike, au mkono wa mtu uende nayo.

Kupima na kutengeneza

Chomoa waya hasi wa betri kwanza, hakuna mjadala. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja ni cheche, na betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Kisha piga picha nyaya zote kwa simu na uziwekee alama za rangi. Nyaya za solenoidi nne ukizichanganya unaweza kupiga shoti ya hatari.

Toa solenoidi moja moja. Pima koili kwa mita: ikisoma omu chache ni nzima, mita isiposoma chochote koili imekatika. Halafu ipe koili umeme kwa nyaya ndogo huku mita iko kwenye zile boliti mbili nene. Ukiwasha, zinatakiwa ziungane. Ukizima, ziachane palepale. Zisipoachana, tupa.

Ila mita inaweza kukudanganya, maana inapitisha umeme kidogo sana na shaba iliyoungua inaweza kufaulu mtihani huo. Kipimo cha kweli ni kazini: winchi ikivuta, pima volti kati ya boliti mbili za solenoidi iliyowaka. Isome sehemu ndogo tu ya volti. Ikifika volti 1 na mota inakula ampea 300, hizo ni wati 300 za joto ndani ya kitu kinachotosha kwenye ngumi!

Kama solenoidi ni ya kufunguka kwa nati, safisha shaba kwa msasa laini. Kisahani kikiwa kimeliwa upande mmoja, unaweza kukigeuza upate upande mpya. Zile zilizobanwa kiwandani usihangaike nazo. Ukizikata, maji yataingia na utarudi palepale.

Tahadhari kwa wanaoshuka Tunduma kutafuta spea: ule ni mji wa malori, na malori mengi ni ya volti 24. Solenoidi ya volti 24 kwenye gari la volti 12 itavuta kinyonge, kisahani kitagusa juu juu, na kitaungua mapema. Ya stata nayo hapana. Ile imetengenezwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, winchi inaweza kuvuta dakika nzima.

Kuboresha

Solenoidi mpya zikifa tena baada ya muda mfupi, tafuta muuaji. Mara nyingi ni umeme hafifu: betri mbovu, waya mwembamba, viungo vyenye kutu. Volti zikishuka, sumaku inalegea, cheche zinaruka, shaba inaungana. Kwa hiyo:

- Weka nyaya nene za shaba, milimita za mraba 35 au zaidi, na fupi iwezekanavyo.
- Acha injini iwake ukivuta, na umpumzishe mota apoe. Usicheze na kitufe bonyeza-achia, kila mguso ni cheche.
- Hamishia boksi la solenoidi juu, mbali na tope, na utoboe tundu dogo chini maji yatoke.
- Ukiwa na uwezo, toa zote nne ufunge kontakta moja ya kugeuza mwelekeo, kama za Albright za Uingereza. Nyaya zinapungua na sehemu za kuharibika zinapungua.
- Funga swichi kuu ya kukata umeme kwenye waya chanya wa winchi, yenye uwezo wa ampea za winchi yako, mahali unapofika haraka.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, anza na hiyo swichi kuu. Kontakta itakupunguzia usumbufu, lakini siku shaba ikiungana na kamba inaendelea kuvuta, swichi ndo itakayookoa vidole vya mtu.

Mafundi umeme wa magari mlioko humu, kama kuna nilichoruka shusheni hapo chini, vijana wafaidike. Na wewe ambaye winchi yako inasumbua, andika inagonga mlio gani kati ya hiyo mitano tuanzie hapo.