Jani Lipi Lilianza?

Kiangazi kikikolea, naletewa majani ya mianzi yaliyokunjwa ndani ya gazeti. Mwenye bustani huwa amekwisha kutoa hukumu: "Bwana shamba, mianzi yangu inakufa." Nalitazama jani, ni la manjano kweli, kisha nauliza: umelichuma sehemu gani ya tawi? Wengi hunikodolea macho. Walichuma lililokuwa karibu na mkono, nami bila jibu hilo sina la maana la kuwaambia.

Tuanze na lisilo ugonjwa. Jani la mwanzi huishi mwaka mmoja hivi au miwili, kisha hustaafu. Aina nyingi zinazoota kwa vichaka katika nchi zetu za joto hupukutisha majani makongwe wakati wa ukame, huku mapya yakichomoza kwenye tawi lilelile. Ukiona manjano yamechanganyika na ncha za kijani kibichi, kaa utulie. Na ufagio uuweke kando. Majani hayo yana silika nyingi, madini yanayoupa mwanzi ugumu wake, na yakioza chini ya kichaka yanarudi mzizini. Anayeyakusanya na kuyachoma anachoma mbolea yake mwenyewe. (Nimewahi pia kuitwa kutibu mwanzi wenye mashina ya manjano na michirizi ya kijani. Ule ni mwanzi wa mapambo, ndiyo rangi yake tangu uchipuke.)

Sasa turudi kwenye tawi. Mwanzi ni nyasi, ndugu wa mhindi na muwa, na kama ndugu zake hao una ulafi wa naitrojeni. Naitrojeni husafiri ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huinyofoa kutoka majani makongwe na kuyalisha machanga. Kwa hiyo njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya nyuma ya tawi, nalo jani zima hupauka, mishipa na nafasi zilizo kati yake pamoja. Dawa yake ni rahisi: samadi iliyooza vizuri, au urea kidogo udongo ukiwa na unyevu. Nasema kidogo kwa sababu urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na konzi iliyomwagwa mahali pamoja huunguza mizizi.

Madini ya chuma tabia yake ni tofauti kabisa. Yakishaingia katika jani hayahami. Yakikosekana, majani makongwe hubaki ya kijani na machanga ya nchani ndiyo yanayogeuka: kati ya mishipa manjano, mishipa yenyewe kijani, kama mistari ya daftari. Ukikuta picha hiyo, funga mfuko wa urea.

Niliikuta Tanga, kwenye nyumba mpya iliyopandiwa mianzi kufuata ukuta wote. Mwenye nyumba alikuwa ameweka urea mara tatu, na kila mara ncha zilizidi kupauka. Tulichimba kiasi cha futi moja tu, tukakutana na vipande vya plasta, saruji iliyoganda na chokaa, yaani taka zote ambazo mafundi walizifukia ukutani badala ya kuzibeba. Mwanzi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5. Chokaa na saruji huipandisha juu sana, na hapo chuma kinakuwapo ardhini lakini mzizi haukipati. Ni mfano wa mtu aliyekaa mbele ya ghala la chakula, ufunguo hana. Udongo wa matumbawe, ule wa Mombasa na wa maweni kule Unguja, hufanya hivyohivyo bila msaada wa fundi. Majivu ya jikoni nayo, ambayo watu humwagia kila mmea kwa nia njema, yanaongeza tatizo lilelile.

Tulitoa kifusi, tukajaza mboji, kisha tukamwagilia chuma cha keleti. Keleti ni kiungo kinachokishika chuma kisinaswe na chokaa. Kwa udongo wa namna hii tafuta iliyoandikwa EDDHA kwenye pakiti, kwani ya EDTA huachia chuma mapema pH ikiwa juu.

Kabla ya mbolea yoyote, lakini, chomeka kidole ardhini. Mwanzi wenye kiu hukunja majani kwa urefu kama sigara, na hufanya hivyo kabla ya kugeuka manjano. Uliozama majini hupauka huku udongo umelowa, na ukichimba unakuta mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya uvundo. Wa pili ndio hufa haraka, kwa sababu mwenyewe akiona manjano huongeza maji. Huo uchimbiwe mfereji.

Halafu geuza jani. Madoa madogo meupe yaliyotapakaa juu, na utando mwembamba chini, ni kazi ya utitiri, mdudu mdogo kiasi kwamba unahitaji lenzi. Hustawi kwenye ukame na vumbi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, rudia kila baada ya siku chache, na ikibidi nyunyiza jioni sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita moja, baada ya kuijaribu kwenye tawi moja. Sumu kali za kuua kila kitu sizipendi hapa. Huwaua kwanza wadudu wanaowala utitiri, kisha utitiri hurudi kwa kishindo.

Kule Tanga majani yaliyokwisha kupauka mengi hayakurudi kijani, na nilikuwa nimemwonya mwenye nyumba asiyatazame hayo. Tulisubiri mapya, yakatoka na rangi yake. Ile urea iliyobaki mfukoni ameipeleka kwenye mahindi ya nyuma ya nyumba.