Kemia ya Nyumba Inayohamwa

Nyumba ya kupanga iliyokaliwa kwa miaka kadhaa hubeba uchafu ambao ufagio wa kila siku haufikii. Kabati likivutwa, ukuta wa nyuma yake hukutwa na madoa meusi ya ukungu. Juu ya rafu za jikoni pana utando wa mafuta ulioshikana na vumbi. Koki za bafuni zimezungukwa na ukoko mweupe, na bakuli la choo lina mstari wa kahawia pale maji yanapoishia. Mpangaji anayetaka arudishiwe amana yake hushika ndoo, sabuni ya unga na brashi, akavisugua vyote kwa namna moja. Vingine hutoka, vingine hugoma. Vinavyogoma havihitaji nguvu zaidi, vinahitaji dawa nyingine, kwa kuwa mafuta, chokaa, kutu, masizi na ukungu ni vitu tofauti kabisa kikemia.

Mambo manne

Mwaka 1959 Herbert Sinner, mhandisi wa kemia wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, alieleza kwamba usafishaji wowote hutegemea mambo manne: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Aliyaweka kama vipande vya duara moja; kipande kimoja kikipungua, vingine sharti vikue kuziba pengo. Anayefua kwa maji baridi huongeza sabuni, husugua zaidi au huloweka nguo usiku kucha.

Katika nyumba inayohamwa, kipande kinachopuuzwa mara nyingi ni muda. Dawa hupakwa na kusuguliwa papo hapo, kabla haijaanza kazi, na mkono hulipa deni ambalo nusu saa ya kusubiri ingelifuta. Ndiyo maana kazi huanzia jikoni na bafuni: sehemu sugu hupakwa dawa na kuachwa, na wakati zinalowa vyumba vingine huondolewa vumbi.

Vumbi: kutoka juu kwenda chini

Vumbi la nyumbani ni mchanganyiko wa udongo, nyuzi za nguo, ngozi iliyokufa na mabaki ya wadudu. Likitimuliwa halitui mara moja. Katika hewa tulivu, chembe yenye upana wa mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, hushuka kwa takriban milimita 3 kila sekunde. Kutoka kwenye dari ya mita 2.5 itafika sakafuni baada ya kama robo saa. Chembe ya mikroni 1 huhitaji karibu siku nzima kusafiri umbali huohuo. Kwa sababu hiyo dari, pangaboi, nyavu za madirisha na vichwa vya milango hutangulia, na sakafu hudekiwa mwisho, vumbi likishatua. Tambara lenye unyevu hushinda ufagio wa chelewa, kwa kuwa maji hunasa chembe badala ya kuzirusha. Kwa pangaboi, foronya kuukuu huvalishwa kwenye kila panga na kuvutwa taratibu, na vumbi lote hubaki ndani yake.

Masizi ya jiko la mafuta ya taa au la kuni yana kanuni yake. Ni chembe ndogo mno za kaboni zilizopakwa mafuta. Ukuta wenye masizi ukianza kwa kuloweshwa, maji huzisukuma ndani ya vinyweleo vya lipu na doa jeusi huwa pana zaidi. Hupanguswa kwanza kwa tambara kavu, pasipo kukandamiza, ndipo maji ya sabuni yafuate.

Jikoni: mafuta yaliyogeuka gundi

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia na kujichomeka kwenye mafuta. Nyingi zikikizunguka kitone cha mafuta, ncha zipendazo maji hutazama nje, na kitone huondoka na maji. Njia hii yatosha kwa mafuta ya jana. Ya miaka miwili iliyopita yamekwisha badilika. Mafuta ya mimea kama ya alizeti hufyonza oksijeni ya hewani, na molekuli zake huungana kuwa minyororo mirefu, mpaka yanakuwa gundi ya njano inayonata. Mabadiliko ya namna hiyohiyo ndiyo yanayokausha rangi za mafuta za wachoraji.

Gundi hiyo huvunjwa na alikali. Magadi, yale yanayovunwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya na kuuzwa sokoni kwa ajili ya kupikia maharagwe, ni alikali ya kutosha kwa kazi nyingi za jikoni. Yakiyeyushwa katika maji ya moto, tambara likaloweshwa humo na kubandikwa juu ya utando kwa nusu saa, huanza kuvunja mafuta na kuyageuza kuwa chumvi za asidi za mafuta. Chumvi hizo ni sabuni, kwa hiyo uchafu wenyewe hugeuka kuwa kisafishio, na kinachobaki hukwanguliwa kwa kijiti au plastiki ngumu. Majivu ya kuni yamesugua masufuria kwa vizazi vingi kwa sababu hiyohiyo: yana kabonati ya potasiamu, alikali iliyo jamaa ya magadi.

Kasoro ya alikali ni aluminiamu. Masufuria na fremu za madirisha hupoteza mng'ao zikilowekwa katika magadi. Soda kali ya kuzibulia mabomba ni hatari zaidi: huchemsha maji inapomiminwa, huunguza ngozi na macho, na ikigusa aluminiamu huitafuna huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto.

Bafuni: jiwe lililotoka majini

Miji mingi ya pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar ikiwamo, imejengwa kwa kiasi fulani juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni kabonati ya kalsiamu. Mvua hubeba kaboni dioksaidi kutoka hewani na udongoni, huwa na uasidi kidogo, na huyeyusha mwamba inapopenya chini. Maji ya kisima hutoka yamebeba chokaa hiyo bila kuonekana. Yakichemshwa au yakikauka juu ya koki, gesi hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ukoko wa ndani ya birika na ule wa kwenye koki ni kitu kimoja.

Maji hayo magumu huiharibu na sabuni ya mche. Kalsiamu hushikana nayo na kufanya utando wa kijivu usioyeyuka, unaoganda kwenye vigae vya bafuni na kingo za beseni. Kuongeza sabuni ya mche juu yake ni kuongeza utando. Sabuni nyingi za unga huvumilia maji magumu vizuri zaidi.

Jiwe la chokaa huondolewa na asidi. Siki, yenye takriban asilimia 5 ya asidi, au maji ya ndimu hutosha. Tambara lililoloweshwa siki huzungushwa kwenye koki na kuachwa kwa saa moja. Povu dogo linaloonekana ni kaboni dioksaidi inayotoka kwenye jiwe. Baada ya hapo brashi ya meno iliyochakaa humaliza kazi, na koki husuuzwa mara moja ili siki isiendelee kula chuma.

Tahadhari kubwa ni mahali asidi inapomwagika. Marumaru halisi na terazo hutengenezwa kwa mawe yaleyale ya kalsiamu. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar vilevile. Asidi haina macho ya kutofautisha ukoko na sakafu, na alama inayoacha kwenye terazo haitoki mpaka fundi aisage upya. Hata saruji ya katikati ya vigae huliwa. Vigae hunyunyiziwa maji kwanza ili vinyweleo vya saruji vijae, kisha asidi hupakwa kwenye ukoko tu na kusuuzwa upesi.

Mstari wa kahawia chooni kwa kawaida ni mchanganyiko wa chumvi za kalsiamu kutoka katika maji na mkojo, pamoja na kutu. Klorini ya maji, ambayo wengi huiita jiki kwa jina la chapa yake, huufanya ukoko uwe mweupe kwa muda bila kuuondoa. Kwa kutu haifai kabisa: klorini hung'arisha kwa kuoksidisha, na kutu ni chuma kilichokwisha oksidishwa. Asidi ya ndimu huyeyusha chokaa na wakati huohuo hushikana na chuma na kukitoa.

Ukungu nyuma ya kabati

Ukungu hustawi pale unyevu wa hewa iliyo karibu na ukuta unapokaa juu ya takriban asilimia 80 kwa muda mrefu. Nyuma ya kabati lililosukumwa hadi ukutani hewa haizunguki, na majira ya mvua hali hiyo hufikiwa kwa urahisi. Hapa ndipo klorini inapofaa, kwa kuwa huua viini vya ukungu na kuvunja rangi yake nyeusi. Lakini hushambulia kila kitu cha asili ya viumbe inachokutana nacho, hivyo ikimwagwa juu ya ukuta mchafu huishia kwenye uchafu. Ukuta huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwanza. Kisha klorini iliyochanganywa, sehemu moja kwa tisa za maji, hupakwa na kuachwa kwa dakika 10. Chupa iliyokaa miezi mingi karibu na dirisha huwa imepoteza nguvu, kwa sababu joto na mwanga huivunja. Ukuta ukaushwe kabisa madirisha yakiwa wazi kabla ya kupakwa rangi. Rangi iliyofunika unyevu hubanduka, na ukungu hurudi.

Klorini haichanganywi na kitu kingine isipokuwa maji. Ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Ikikutana na amonia, ambayo hutokana pia na mkojo uliokaa, hutoa kloramini zinazochoma mapafu. Choo kidogo chenye dirisha moja ndicho mahali ambapo ajali hiyo hutokea kirahisi. Dawa moja hutumika, husuuzwa kwa maji mengi, mlango huachwa wazi, ndipo nyingine ifuate.

Abiria wasioonekana

Usafi wa kuhama hulinda pia nyumba inayohamiwa. Mbu aina ya Aedes, waenezao homa ya dengi iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga mayai kwenye kuta za ndani za mapipa na ndoo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa na huanguliwa maji yakiyafikia tena. Pipa lililomwagwa maji na kupakiwa kwenye gari laweza kuhama na mbu wake. Kusuuza hakuyabandui, kuta za ndani husuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni.

Mende wakubwa wa kahawia hubandika vifuko vya mayai kwenye nyufa na chini ya droo, na ganda la kifuko huyakinga dhidi ya dawa nyingi za kupuliza. Droo huchomolewa, zikageuzwa na kukwanguliwa. Kunguni huweza kukaa miezi bila kunyonya damu, lakini hawahimili joto: shuka na vyandarua vinavyovumilia maji ya nyuzi 60 vikifuliwa humo, hufa pamoja na mayai yao.

Harufu na hatua ya mwisho

Harufu nazo zina upande wake wa kemia. Ya samaki hutoka kwenye amini, ambazo ni alikali, hivyo ndimu huituliza. Ya maziwa yaliyochacha hutoka kwenye asidi, hivyo maji ya magadi ndiyo yanayofaa. Jokofu huzimwa, barafu iyeyuke, lisafishwe na likauke, kisha mlango uachwe wazi kidogo, kwa kuwa unyevu uliofungiwa huzaa ukungu kwa siku chache.

Yapo yasiyotolewa na dawa yoyote. Rangi iliyopaushwa na jua imevunjika yenyewe, na tundu la msumari ni upungufu wa lipu. Hayo ni kazi ya fundi, na huandikwa kando wakati wa ukaguzi na mwenye nyumba.

Hatua ya mwisho iko chini ya sinki na chini ya tundu la bafu. Bomba lililopinda, ambalo mtengeneza saa Alexander Cumming alilipatia hataza kwa ajili ya choo mjini London mwaka 1775, hubakiza maji kidogo yanayozuia gesi za shimo na mende kupanda. Katika nyumba tupu maji hayo hukauka baada ya majuma machache. Lita moja ya maji humiminwa katika kila tundu, ikifuatiwa na kijiko cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu na kupunguza ukaukaji mpaka mpangaji mwingine aingie.