Bei ya Kugeuza Nalo

Alfajiri, mkazi wa Ukonga anayefanya kazi Kariakoo huvuka barabara na kupanda daladala linaloelekea asikokwenda. Hufika nalo Gongo la Mboto, linakogeuzia, hubaki kitini huku wenzake wakigombania mlango, hulipa nauli ya pili, kisha hurudi nalo hadi mjini. Jambo hili Dar es Salaam tunaliita kugeuza nalo. Wachumi huandika kurasa nyingi juu ya thamani ya muda na nguvu za mfanyakazi; abiria huyu amekwisha kuipangia bei.

Tupige hesabu ya mfano. Mhudumu wa duka wa Ukonga anayefanya kazi Kariakoo analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja shilingi 600. Kwa siku 26 za kazi, nauli ni 62,400. Akigeuza nalo kila asubuhi, aongeze 15,600. Kinachobaki ni 122,000, na hapo hajanywa chai.

Sasa mwenye duka jirani na kwake, pale Ukonga, akimwahidi 130,000, kazi hiyo ya mtaani inamlipa zaidi, na anakwenda kwa miguu. Mwenye duka naye anaijua hesabu hiyo. Hana sababu ya kutoa 180,000 wakati barabara imekwisha kumsaidia kushindana na tajiri wa Kariakoo. Ndiyo maana usafiri mbovu hushusha ujira hata wa yule asiyepanda gari kabisa.

Foleni ya magari ina gharama nyingine, nayo ni kutotabirika. Safari ambayo leo ni dakika 50 na kesho saa mbili humlazimu mtu kuondoka kila siku kana kwamba itachukua saa mbili, maana akichelewa hukatwa mshahara.

Usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, uliligusa hasa tatizo hili: njia yake ni yake peke yake. Lakini njia tupu bila mabasi ya kutosha huhamishia foleni kituoni, kama wanavyojua waliowahi kusimama Kimara asubuhi. Tena penye usafiri mzuri kodi ya chumba hupanda. Mpangaji aliyesukumwa na kodi kutoka Kimara hadi ndani ya Kibamba huanza upya na bodaboda.