Kinanda Kikizidi, Utungo Hupotea

Leo siandiki habari za siasa wala za ardhi. Naandika habari za vitufe viwili vya kinanda, na sababu ninayo. Suala la hukumu ya ala nawaachia mashekhe wetu.

Majuzi palikuwa na harusi hapa Mkomani. Shangazi yangu alimtungia bibi harusi nasaha kwa Kiamu, beti kumi na mbili, na mpwa wangu akakaa kwenye kinanda. Sisi wanaume tuliokuwa barazani nje tulisikia kinanda tu. Kumbe hata walio ndani hawakufaidi. Bi mkubwa mmoja akamtuma mtoto: "Mwambie maneno hatuyasikii." Kijana akafanya wafanyavyo wengi, akaongeza maikrofoni. Spika zikapiga mluzi, na nasaha ikaishia hapo.

Kesho yake akaja kwangu. "Mjomba, maikrofoni ile ni mbovu." Nilisomea mambo ya umeme hadi diploma, nikamwambia maikrofoni haina kosa. Kosa ni kuwa kinanda kilikaa mahali pa maneno.

Sinthesaiza za zamani, ambazo vinanda vya leo huziiga, huanza na sauti mbichi. Wimbi la msumeno, kwa mfano, ukilipiga kwa hezi 220, huja pamoja na 440, 660, 880 na kuendelea juu. Ni sauti kali, imejaa kila kitu, kama nazi iliyokunwa kabla ya kukamuliwa. Kifumbu chake ni filta. Filta ya kawaida hupitisha sauti za chini na kuzuia za juu.

Kitufe cha kwanza ni katofu, yaani mpaka wa kuchuja. Ukikishusha sauti inafifia na kuwa nzito, ukikipandisha inang'aa. Huhitaji mashine kulielewa hili. Imba "u" kisha ugeuze iwe "a" bila kubadilisha noti. Koo limetoa sauti ile ile, ila mdomo umeichuja vingine.

Kitufe cha pili ni rezonansi. Hiki huinua sauti zilizo pale pale mpakani. Kidogo tu kinaipa noti ladha; ukikizidisha huku ukizungusha katofu, kinanda kinasema "wau". Katika mashine nyingi ukikifikisha mwisho, filta yenyewe inapiga filimbi, na spika ndogo zinaweza kuungua.

Mmarekani Robert Moog alipewa hataza ya filta yake yenye umbo la ngazi mwaka 1969, na mwaka 1970 ikatoka sinthesaiza ya Minimoog ikiwa na filta hiyo. Kila masafa yanapozidi mara mbili juu ya mpaka, filta hiyo hupunguza kimo cha wimbi takriban mara kumi na sita. Ndiyo maana besi yake ni nene lakini haichomi masikio.

Sasa turudi harusini. Herufi kama s, t, k na f, zinazotutenganishia "tunda" na "funda", hutegemea sana masafa ya juu. Mpwa wangu alikuwa amefungua filta yote, msumeno wake ukajaa hapo hapo. Kuongeza maikrofoni ni kuongeza ugomvi.

Wazee wetu walipotaja kinanda walikusudia ala ya nyuzi. Msikilize marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, akipiga udi. Uzi ukidonolewa hung'aa mara moja, kisha ule ung'avu hufa upesi kuliko mvumo wa chini. Katika mwanya huo neno linapita. Sinthesaiza ina sehemu iitwayo envelopu inayoweza kuiamrisha filta ifanye vivyo hivyo.

Kwa anayetaka kujaribu, aanzie hapa kisha aamue kwa sikio:

Besi: wimbi la msumeno, mpaka karibu hezi 300, rezonansi kidogo, envelopu ifunge filta haraka.

Mdono wa udi: mpaka uanzie chini, envelopu iufungue ghafla noti inapopigwa na kuushusha mara moja.

Nyuzi za fidla: misumeno miwili, mmoja upishane na mwenzake kwa kiasi kidogo sana, filta ifunguke taratibu. Mwimbaji akianza, shusha mpaka hadi karibu hezi 1,000. Akinyamaza, upandishe.

Nai: wimbi la pembetatu, na mvumo kidogo kama wa upepo uwe ndiyo pumzi.

Tulijaribu nyumbani kwangu. Shangazi aliketi bila maikrofoni, mpwa wangu akapiga akiwa amefungua filta yote. Hatukuambulia neno. Nikamwambia asiguse sauti, ashushe katofu tu, polepole. Kufika katikati, ubeti mzima ukatoka, kila neno na herufi zake. Kijana akatoa mkono kwenye kinanda, akauliza: "Shangazi, kumbe ndivyo ulivyosema?"

Alikuwa amepiga harusi nzima bila kujua anapigia maneno gani. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kiamu chetu hatukukipokea vitabuni tu. Tumekipokea pia kwa masikio, katika harusi kama hizi. Watoto wakikua wanasikia kinanda peke yake, wataurithi mdundo na kuukosa utungo. Vijana wetu, kabla hamjaongeza sauti, shusheni kitufe kimoja.