Simulizi ya mfanyabiashara wa misafara iliyochukua miaka 121 kurudi nyumbani

Mfanyabiashara aliyewahi kuchukua mzigo kwa mali kauli, akauvusha mpaka, kisha akakwama mahali ambapo mwenye nguvu ndiye sheria, hatahitaji kufafanuliwa habari za Selemani bin Mwenye Chande.

Selemani alikuwa mtu wa pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 aliondoka na wenzake kwenda bara kutafuta biashara, akafika hadi nchi za Ziwa Tanganyika. Huko wakakumbana na mtemi aliyeitwa Chata, aliyewashambulia na kuwachukulia mali. Aliponusurika na kurudi, Selemani aliieleza safari hiyo kwa Kiswahili, nayo ikapewa jina “Safari Yangu ya Bara Afrika”.

Ni moja ya maandishi ya mwanzo kabisa ya nathari ya Kiswahili kuhusu biashara ya kuvuka nchi, na aliyeyatoa ni mfanyabiashara mwenyewe. Hakuwa mmisionari wala ofisa wa serikali. Pamoja na hayo, si kitabu ambacho mtu atakikuta dukani Kigoma, Bujumbura au Kalemie, miji ya ziwa lile lile. Kwa muda mrefu kilikuwa mali ya maktaba za Ulaya, na kama si waandishi wengine kukifukua mmoja baada ya mwingine, huenda kingebaki huko.

Namna kilivyofika Ulaya ni hadithi yenyewe. Kati ya 1893 na 1896 Mjerumani Carl Velten alikuwa mkalimani wa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliwaomba watu wa pwani wamwandikie na kumsimulia habari zao, akakusanya. Aliporudi Berlin kufundisha Kiswahili, maandishi hayo yakawa mali ghafi ya darasa lake. Mwaka 1901 akayachapisha mjini Göttingen kwa jina la Safari za Wasuaheli. Mbali na Selemani, yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika safari zake za Udoe na Uzigua. Yumo pia Salim bin Abakari, aliyekwenda na bwana mmoja wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia na kuwaeleza watu wa kwao baridi ya huko ikoje. Amur bin Nasur alieleza Berlin kwa macho ya mgeni kutoka Zanzibar.

Waandishi wote hao wamo ndani. Kwenye jalada liko jina la Velten.

Haki itendeke: Velten aliyahifadhi, na bila yeye pengine tusingekuwa na hata ukurasa mmoja. Ila kitabu kilitengenezwa kwa ajili ya Wajerumani waliojifunza lugha ili waje kutawala, na watu waliokisimulia hawakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa. Ni sawa na mkulima wa kahawa ambaye hajawahi kuonja kikombe cha kahawa yake.

Mtoro alilipia zaidi ya wenzake. Kazi yake kubwa, Desturi za Wasuaheli, ilitoka 1903, nayo pia ikiwa na jina la Velten mbele. Wakati huo Mtoro alikuwa Berlin akifundisha lugha katika chuo cha lugha za mashariki, na huko akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walipanda meli kuja Afrika Mashariki. Walipofika Dar es Salaam, wakuu wa koloni walikataa mkewe ashuke, kwa kuwa Mzungu kuishi kama mke wa Mwafrika mbele ya raia kulihesabiwa kuwa aibu kwa watawala. Wakageuza na meli. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927 bila kurudi kwao Bagamoyo. Wanaolalamika leo kwamba stakabadhi zao zimekataliwa dirishani wanaweza kumhesabu kuwa mmoja wao.

Kutoka Kiswahili hadi Kiingereza

Kwa zaidi ya miaka 60 simulizi ya Selemani ilikaa kimya. Mwaka 1965 mtaalamu wa Kiswahili, Lyndon Harries, aliichukua pamoja na nyingine kutoka kwa Velten akazitoa katika kitabu chenye Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza. Kilikuwa kitabu cha wanachuo. Lakini kitabu cha wanachuo nacho husomwa na mtu, na safari hii baadhi ya waliokisoma walikuwa waandishi.

Mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefika Uingereza akiwa kijana mwaka 1968, alitoa riwaya yake ya nne, Paradise. Mhusika mkuu ni Yusuf, mvulana wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa reli na ameshindwa kulipa deni la tajiri wa pwani anayeitwa Aziz. Mtoto anaambiwa anakwenda kumtembelea “mjomba”. Kufika pwani anawekwa dukani, na kijana aliyemtangulia, Khalil, anamweleza ukweli: Aziz si mjomba wake, na yeye pale ni rehani. Khalil naye ni rehani.

Wafanyabiashara wa leo huweka rehani hati ya kiwanja, kadi ya gari au friji. Katika riwaya hii kinachowekwa ni mtoto, na jambo linalotisha zaidi ni jinsi kila mtu anavyoliona kuwa la kawaida. Aziz hapigi wala hapazi sauti. Ni mtu wa manukato na maneno laini, anayejua hesabu zake. Gurnah hamchori kama shetani. Anamwacha awe mfanyabiashara aliyezama katika mfumo ambao yeye pia anadaiwa, maana misafara ya zama hizo iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa pwani na kila mkopo ulikuwa na mkopo nyuma yake.

Baadaye Yusuf anachukuliwa kwenye msafara wa bara: wapagazi, vitambaa, mnyapara mkali aitwaye Mohammed Abdalla, na watemi wanaodai malipo ya kupita kila baada ya mwendo. Malipo hayo katika zama za misafara yaliitwa hongo. Hayakuwa siri. Yalikuwa ushuru wa njia, yakijadiliwa hadharani kwa siku kadhaa hadi bei ipatikane. Neno limebaki na maana imehama, na kila anayepita njia hizo leo anajua imehamia wapi.

Msafara unavuka ziwa na kufika kwa mtemi Chatu. Anawashambulia usiku na kutwaa mali yote, akidai kwamba mfanyabiashara mwingine aliyepita kabla yao alimdhulumu. Mali inarudi kwa sehemu tu, baada ya Mzungu kutokea na askari wake. Toka hapo kila mtu anaelewa kwamba bwana wa njia amebadilika.

Chata wa Selemani, Chatu wa Gurnah. Watafiti waliyaweka maandishi hayo mawili kando kwa kando wakaona mfanano hauishii kwenye jina. James Hodapp, mmoja wao, alieleza mwaka 2015 kwamba wasomaji wengi wa nchi za Magharibi walikimbilia kuilinganisha Paradise na riwaya ya Joseph Conrad kuhusu mto Kongo, wakati chanzo kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa simulizi za Waswahili wenyewe. Hoja hiyo ina uzito kuliko ubishi wa wanachuo. Ikiwa Gurnah alikuwa akimjibu Conrad tu, basi historia ya njia hizi inaanzia kwa Mzungu aliyepanda mto kwa mashua. Ikiwa alikuwa akimsikiliza Selemani, historia hiyo inaanzia kwa mtu wa pwani mwenye deni na mzigo wa vitambaa.

Nobeli, kisha “Peponi”

Paradise iliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, nayo haikushinda. Gurnah akaendelea kuandika. Tarehe 7 Oktoba 2021, Chuo cha Sweden kilipomtangaza kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, alikuwa na riwaya kumi. Karibu zote zina mizizi katika pwani hii, na zote ziliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uingereza. Hakukuwa na hata moja iliyotoka kama kitabu kwa Kiswahili. Pwani ilimshangilia mtoto wake kabla haijamsoma, na wengi walioeneza picha yake siku hiyo hawakuwa na mahali pa kununua kitabu.

Aliyeziba pengo hilo ni Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha Kiswahili katika chuo cha SOAS, London. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani mwaka 2015 ilitoka tafsiri yake ya hadithi ya Lewis Carroll, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, nyumba iliyoanzishwa na Walter Bgoya, ikachapisha Paradise kwa jina la Peponi.

Kutafsiri riwaya hii kunatofautiana na kutafsiri Carroll. Alisi alikuwa anakuja ugenini, Yusuf alikuwa anarudi. Hata ndani ya Kiingereza Gurnah aliacha maneno kama rehani na mnyapara yalivyo, na mazungumzo ya dukani kwa Aziz yanasikika kama ya watu waliokuwa wakisema Kiswahili muda wote huku mtu akiyanukuu kwa lugha nyingine. Mtafsiri alipaswa kuwarudishia lugha yao bila kuwafanya wasikike kama watu wa 2022.

Hivyo kutoka Göttingen 1901 hadi Dar es Salaam 2022, tukio la mtemi wa ziwani limetoka Kiswahili, likapita Kiingereza, likawa riwaya, likarudi Kiswahili. Miaka 121. Hakuna hatua hata moja iliyotokea yenyewe. Kila mara palikuwa na mtu wa kalamu aliyesoma kazi ya mwenzake iliyokuwa imetupwa pembeni, akaona thamani yake, akaipokea begani.

Gurnah mwenyewe amefanya upagazi huo kwa wengine. Miaka mingi alipokuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, alihariri majuzuu mawili ya makala kuhusu waandishi wa Afrika. Pia alikuwa miongoni mwa wahariri washiriki wa jarida la Wasafiri, lililoanzishwa 1984 na Susheila Nasta ili kutoa nafasi kwa waandishi ambao magazeti makubwa ya London yaliwapita bila kuwaona. Jina la jarida hilo ni la Kiswahili, na halikutafsiriwa.

Mabati na mashairi

Kwa waandishi wa sasa, kuna mlango mmoja ambao wafanyabiashara wa mpakani wanaufahamu bila kujua. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014 na waandishi wawili, Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi. Wakapata udhamini wa Mabati Rolling Mills ya Kenya, kampuni ambayo mabati yake yameezeka nyumba nyingi za ukanda huu. Baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, yaani maandishi ambayo vinginevyo yangekaa kwenye sanduku la nguo. Miongoni mwa washindi wa kwanza, mwaka 2015, ni Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani wa Pemba, mwandishi wa habari aliyehamia Ujerumani, kwa mashairi ya N'na Kwetu. Inafurahisha kwamba mmoja wao aliandika kuhusu ugeni akiwa katika nchi ile ile alikozikwa Mtoro.

Tuzo hutangaza jina, lakini haisafirishi kitabu. Hapo ndipo soko la Afrika Mashariki linapochekesha: nyanya, dagaa na mitumba huvuka Namanga, Mutukula na Kabanga kila siku, ilhali riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam inaweza kuwa rahisi zaidi kuagizwa kutoka London kuliko kupatikana Kisumu. Kenya ilipoweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013, biashara hiyo ndogo ilizidi kubanwa. Lakini kodi haielezi yote. Muuza vitabu wa Goma au Bukavu, ambako wateja wake wanazungumza Kiswahili toka asubuhi hadi usiku, bado hana mzoefu wa njia wa kumletea boksi moja la Peponi pamoja na mzigo mwingine.

Na Selemani? Velten alifariki mwaka 1935, kwa hiyo haki miliki ya Safari za Wasuaheli imekwisha muda wake. Mchapishaji yeyote wa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam anaweza kuchapa upya simulizi hiyo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kinachohitajika ni mhariri wa kusawazisha tahajia ya Kijerumani ya wakati ule, maelezo machache ya maneno ya msafara yaliyopotea, na uamuzi wa kuweka jina la Selemani bin Mwenye Chande kwenye jalada.