Magari ya Kale ya Nyikani katika Nyua za Thongpiny

Mtaa wa Thongpiny, mjini Juba, umepakana na uwanja wa ndege, na kwa miaka mingi umekuwa makao ya afisi za mashirika ya misaada, ya mahoteli, na ya kambi ya Umoja wa Mataifa. Basi mtu apendaye magari ya nyikani, akiingia mtaa huo, hana haja ya kwenda mbali kutafuta ya kutazama, kwani nyuma ya kuta zake ndefu, chini ya miembe na kando ya makontena, aghalabu huonekana Toyota Land Cruiser iliyomaliza kazi ya mradi wake, imeegemezwa juu ya magogo, boneti wazi, na fundi ameinama ndani yake na spana mkononi. Mgeni huliona gari hilo kuwa skrepa. Mimi naliona kuwa ni amana, na azma ya makala haya ni kueleza kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hutoa fedha, jasho na Jumapili zake kulifufua gari lililotangulia kuzaliwa kwake, na kwa nini kazi hiyo, ambayo huko Ulaya huhesabiwa kuwa anasa ya wenye nafasi, huku kwetu ni elimu yenye manufaa.

Asili ya magari haya ni dhiki iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Uingereza ya wakati ule ilikuwa ikigawa feleji kwa kipimo, na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, ambaye katika shamba lake kisiwani Anglesey alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani, alipobuni gari la mkulima alilivika mwili wa aloi ya alumini. Nalo likadhihirishwa kwa watu mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948, kwa jina la Land Rover. Mwaka 1951 Toyota nayo ikaunda gari lake la BJ, ambalo mwendeshaji wake, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Hapo ukazaliwa ukoo mzima: mfululizo wa 40, uliotengenezwa tangu 1960 hadi 1984, na mfululizo wa 70, ulioanza mwaka huo huo wa 1984 na ambao hata leo haujakoma.

Sudan Kusini iliyahitaji magari haya kuliko nchi nyingi, kwa kuwa reli ya Sudan ilipofika Wau mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikomea hapo, na Juba ikabaki kufikiwa kwa meli za mto na kwa barabara za udongo ambazo mvua zikishika hufungika miezi kadhaa. Hata barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, haikukamilika kutiwa lami hadi 2012. Katika vita vya kusini mwa Sudan vilivyoanza 1983, misaada mingi ilitoka Lokichoggio, upande wa Kenya. Na mkataba wa amani ulipotiwa saini Nairobi, Januari 2005, mashirika yakahamia Juba kwa makundi, kila moja na Land Cruiser zake nyeupe. Mradi huisha, gari hubaki; hunadiwa, hununuliwa, hupasuliwa vipuri au hupata bwana wa pili na wa tatu. Gari la namna moja limebeba wagonjwa na limebeba bunduki. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wa miaka 15, magari ya kale yaliyomo katika nchi zetu ni hayo hayo tuliyo nayo, na kila moja linalokatwa kwa ajili ya kuyeyushwa halipati wa kushika nafasi yake.

Mwenye kununua gari la namna hii asianze na rangi. Aanze na bamba dogo la chuma lililogongomewa katika chumba cha injini, kwani herufi zake ndizo nasaba ya gari: katika HZJ75, kwa mfano, HZ ni jamaa ya injini, J ni alama ya Land Cruiser, na 75 ni chesisi ndefu ya mfululizo wa 70; BJ40 ni chesisi fupi yenye dizeli ya silinda nne, FJ40 ni petroli, silinda sita na kabureta. Usukani hautoi ithibati ya kutosha ya nasaba hiyo, kwa kuwa Sudan ilihamia kuendesha upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, ilhali magari yaliyotoka Uganda na Kenya yana usukani wa kulia, na yote hupita pamoja katika njia za Juba.

Baada ya hapo na alale chini ya gari, kwa kuwa uhai wake wote umo katika chesisi. Land Rover humhadaa mnunuzi: mwili wake wa alumini haushiki kutu nyekundu, hung'aa ukioshwa, na huku chini chesisi ya feleji, iliyoundwa kwa mabati yaliyochomelewa yakawa sanduku refu, imekwisha kuliwa kutoka ndani, kwani tope likiingia humo hukaa na unyevu wake. Dawa ni nyundo ndogo. Gonga toka mbele hadi nyuma, polepole, na panapolia kwa sauti nzito iliyokufa, hapo pana ila. Gari lililokaa Mombasa au Unguja lihofiwe zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari huchochea kutu, na tena huzidisha uharibifu pale alumini na feleji zinapogusana; gari lililoishi Juba huwa limesalimika upande huo, ila limeteswa na mashimo, na nyufa zake hupendelea pale springi zinapofungwa na pale kasha la usukani liliposhikizwa. Ufa usizibwe kwa kuchomelea juu juu: usuguliwe hadi chuma safi, ncha yake itobolewe tundu dogo ili usiendelee kutambaa, uchomelewe, kisha ubandikwe bamba lenye kingo za mshazari, maana bamba lililokatwa mraba huhamisha udhaifu kando yake tu, na baada ya msimu mmoja wa matope ufa huzuka upya sentimita chache kutoka pale pale.

Injini ndiyo sehemu niipendayo zaidi. Ile ya 1HZ ya Land Cruiser, iliyotoka mwaka 1990, ina silinda sita na lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Kinachoiamrisha ni pampu ya dizeli, na pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Tafakari, msomaji, maana ya jambo hilo katika mji kama Juba. Nchi huchimba mafuta ghafi na kuyasukuma kwa bomba hadi Port Sudan, lakini dizeli inayochomwa mjini huja kwa malori kutoka nje, hupita mikono mingi, na siku za uhaba huuzwa kando ya njia kwa chupa na madumu; maji yakiingia, au mafuta ya taa yakichanganywa, pampu hukosa ulainisho, husagika, na unga wake wa chuma hupelekwa moja kwa moja kwenye nozeli. Kwa hiyo, kabla ya kununua pampu nyingine kwa bei ya kutisha, tangi lishushwe, lioshwe, chujio libadilishwe, na chombo cha kutenga maji kitiwe mbele yake. Kisha utazamwe mkanda wa taiming, ambao ni wa mpira, na ambao ukikatika injini ikiwa mbioni vali hugongana na pistoni. Mkanda ambao hakuna ajuaye ulifungwa lini uhesabiwe kuwa umekwisha muda wake.

Gari la kisasa likizima hudai mashine ya kusoma kasoro zake, na mashine hiyo hudai umeme na mwenye kuijua. Hili la kale hudai mtu tu. Moshi mweusi huarifu kuwa dizeli imezidi au hewa haitoshi. Wa buluu, kuwa oili inaungua. Mweupe usiokoma hali injini imekwisha pata moto, kuwa maji yanaingia katika silinda au dizeli haiungui sawasawa. Kijana anayejifunza kusoma moshi, kusikiliza vali na kupapasa beringi kwa kidole amepata maarifa ambayo atayatumia katika jenereta, katika pampu ya maji na katika mashine ya kusaga, na nionavyo mimi hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuyatengeneza magari haya nyumbani, mbele ya watoto, badala ya kuyapeleka gereji na kusubiri simu.

Waya sitazisema sana, ila neno moja: Land Rover za kabla ya mwaka 1967 au karibu yake zilifungwa betri kwa kuunganisha ncha ya chanya na mwili, kinyume cha desturi ya leo, na anayetia altaneta mpya bila kulichunguza hilo huiunguza papo hapo. Rimu nazo zina hatari iliyo kuu zaidi. Land Cruiser nyingi za kazi zina rimu za inchi 16 zenye pete ya kufungua, zinazopendwa kwa kuwa tairi huvuliwa kwa vyuma viwili na nyundo popote porini. Lakini pete iliyoliwa na kutu, au iliyokaa vibaya, huruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo. Pete isuguliwe na kukaguliwa, gurudumu lifungwe mnyororo au liingizwe katika kizimba cha chuma, na mwenye kujaza asimame kando, kamwe asilikabili. Wala vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo au kwa kompresa, kwa kuwa zilikuwa na asbesto. Lioshwe kwa maji.

Je, gari lirudishwe jinsi lilivyotoka kiwandani? Wako wanaoshikilia hivyo, na ninawaheshimu. Lakini mafundi wa Sudan wana historia yao wenyewe: malori ya Bedford yalipoenea nchini humo katika karne iliyopita, wahunzi na maseremala waliyavua na kuyaunda upya, wakayazidishia springi na kuyavika mwili mwingine ulioweza jangwa, na Kurt Beck, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, akauandikia ustadi huo kwa taadhima inayostahiki. Mimi nafuata mafundi hao. Matundu ya erieli ya redio kwenye bampa na viraka vya mahali lilipogongwa ni historia ya gari. Kinachopaswa kurudishwa katika asili yake ni vipimo, yaani nafasi za vali, ukazaji wa bolti na uwiano wa springi, na mengine yafuate haja ya njia. Hata Arusha, Oktoba 2024, wenye Land Rover walipokusanya mamia ya magari yao, mengi yalikuja yakiwa yamebadilishwa na maisha.

Spea za Toyota hupatikana Kampala, ambako soko la Kisekka lina jina tangu zamani, na zile za nadra huagizwa Sharjah, katika yadi za magari yaliyovunjwa. Huko kote, beringi yenye chapa iliyofifia na bei ya kuvutia ikataliwe, na spea iliyotumika lakini ya asili ichukuliwe mbele ya mpya ya bandia. Kazi ikiisha, gari lisipelekwe Nimule siku ya kwanza. Livuke daraja la mto hadi kitongoji cha Gumbo, lirudi, lipoe, maji na oili vitazamwe. Siku ya pili liende mbali zaidi likiwa na mzigo kidogo. Na likishatembea kilomita mia tano bolti za springi na za propela zikazwe upya, oili ya kwanza imwagwe katika beseni safi, na sumaku ipitishwe humo kutafuta unga wa chuma. Ukiwa mwembamba kama vumbi, injini inajizoesha. Zikionekana chembe za kushikika kwa vidole, injini ifunguliwe tena.