Duara Lililoingia Ziwani

Tuseme msimu wa kahawa umefika Umatengo, na usiku mmoja kahawa iliyokuwa imeshakauka kwenye vichanja vya mkulima wa Mbinga imechukuliwa yote. Jua halijapanda, na tayari waliokusanyika uani wanamjua mwizi: ni kijana, hana mke, hana shamba, anapenda pombe, juzi alikuwa na viatu vipya sokoni. Hakuna aliyemwona. Wamemjenga kwa maneno, na kila anayeongeza neno anahisi sura ya mtu huyo inazidi kuwa wazi.

Katika saikolojia ya jinai kazi hiyo huitwa kuchora wasifu wa mhalifu. Mtaalamu huanzia eneo la tukio, kisha hujiuliza mtu wa namna gani hutenda hivi. Nchini Marekani, shirika la upelelezi la FBI lilianzisha kitengo chake cha sayansi ya tabia mwaka 1972. Maofisa wake waliwahoji gerezani wauaji 36 waliochanganya mauaji na ukatili wa kingono, kisha wakawagawa wauaji wa aina hiyo makundi mawili: waliojipanga na wasiojipanga. Mgawanyo huo ulifundishwa duniani kwa miaka mingi. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Mwingereza David Canter na wenzake walichambua mauaji 100 yaliyofanywa na wauaji 100 tofauti, wakitafuta makundi hayo mawili. Hawakuyapata. Dalili za kujipanga zilikuwapo kwa wengi wao, na zile za kutojipanga zilitawanyika bila mpangilio.

Mbona basi wasifu hutuingia akilini kwa urahisi? Mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia. Baadaye kila mmoja akapokea maelezo yake. Walipotakiwa kuyapa alama kuanzia 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. Miaka 55 baadaye Laurence Alison na wenzake waliwapa maofisa wa polisi wa Uingereza wasifu mmoja. Nusu yao walilinganisha wasifu huo na mhalifu wa kweli, nusu nyingine na mhalifu wa kubuni mwenye sifa tofauti kabisa. Katika kila kundi, zaidi ya nusu waliona wasifu umelenga vizuri.

Utafiti huu unatuhusu kuliko tunavyodhani. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, huko Rumphi kaskazini mwa Malawi ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1950 alivuma mganga aliyeitwa Chikanga. Watu walifunga safari kutoka kusini mwa Tanganyika kwenda kwake, wakiwapeleka ndugu na majirani waliotuhumiwa uchawi ili aseme nani ana hatia na nani hana. Mwanaanthropolojia Alison Redmayne, aliyekuwa akifanya utafiti kwa Wahehe, alichapisha makala kuhusu umaarufu wake mwaka 1970. Ninachokiona katika habari hizo ni hiki: msafara ulipoondoka kijijini, mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana. Jina lake lilitoka nyumbani, katika ugomvi wa shamba, katika kifo cha mtoto, katika wivu wa mitala. Mganga aliongeza muhuri tu.

Huko Usukuma muhuri haukuhitajiwa hata kidogo. Bibi kuwa na macho mekundu kulitosha kumfanya aitwe mchawi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti mauaji ya vikongwe mwaka baada ya mwaka, ilhali macho hayo huwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wanapowapikia wajukuu. Huo ni wasifu wa mhalifu katika hali yake mbaya kuliko zote: alama moja ambayo maelfu ya watu wanayo, na kosa ambalo haliwezi kukanushwa.

Wenye maabara nao wameteleza kwenye utelezi huo huo. Julai 1992 Rachel Nickell aliuawa mchana kweupe katika eneo la wazi la Wimbledon Common, London. Mwanasaikolojia akachora wasifu, polisi wakaona unamfaa mwanamume mmoja wa mtaani, wakamtuma askari wa kike ajifanye mpenzi wake kwa miezi kadhaa ili akiri. Hakukiri. Mwaka 1994 jaji alilitupa shauri hilo kwa maneno makali. Muuaji alikuwa Robert Napper. Vinasaba vilimfikia baadaye sana, naye akakiri mahakamani mwaka 2008. Lakini Novemba 1993, polisi wakiwa bado wanamng'ang'ania yule mwingine, Napper alimuua mama mmoja na binti yake mdogo.

Upande wa sayansi hii ninaouamini zaidi hauulizi habari za moyo wa mhalifu. Unauliza habari za miguu yake. Mwaka 1993 Canter na Paul Larkin walichunguza wabakaji 45 wa Uingereza waliorudia makosa. Kwa kila mmoja waliunganisha matukio mawili yaliyo mbali zaidi, wakachora duara juu ya mstari huo. Wahalifu 39 kati ya 45 walikuwa wakiishi ndani ya duara lao. Mtu hutenda kosa katika njia anazozijua. Kim Rossmo, aliyekuwa polisi wa Vancouver, aliligeuza wazo hilo kuwa hesabu ya kompyuta.

Sasa lilete duara hilo kwetu. Tuseme nyavu zimeibwa kando ya Ziwa Nyasa, huko Lituhi, kisha Liuli, kisha Mbamba Bay. Unganisha Lituhi na Mbamba Bay, chora duara: sehemu kubwa inaingia ziwani, ambako hakuna mwenye nyumba, na sehemu nyingine inapanda milima. Panda juu Umatengo, mambo yanageuka tena. Huko ukoo hukaa kwenye ntambo, mgongo wa mlima kati ya vijito viwili, na nyumba iliyo karibu kwa macho ng'ambo ya bonde inaweza kuwa mbali kwa miguu. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imefupisha safari sana. Ramani ya mhalifu wa hapa ni ya njia za mitumbwi, miinuko na bodaboda. Hiyo ingepaswa kupimwa hapa hapa, kwa kumbukumbu za vituo vyetu vya polisi.

Mahakama zetu zimeshaonyesha namna ya kuuliza. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho usitumike kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama usiku, mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumwona kabla? Kila swali lina jibu linaloweza kuthibitishwa au kuvunjwa.

Turudi uani Mbinga. Kahawa isiyokauka ni nzito, na ikifungwa guniani huota ukungu. Aliyekuja usiku ule alijua kwamba imekauka. Nani alipita kwenye vichanja siku mbili zilizotangulia? Magunia mangapi yamebebwa, kwa mgongo au kwa pikipiki, na njia ipi ya kutoka kwenye ntambo hii inapitika kwa pikipiki usiku? Nani anaishi kando ya njia hiyo, na alisikia muungurumo saa ngapi?